Shirimatunda: Kabla ya Kiwanja, Shukeni Mtoni

Wengi tukifika Moshi akili yote ni mlima, nyama choma na mbege. Safari hii mimi na mwenzangu tulienda Shirimatunda, kando ya mji, kutazama kiwanja. Migomba, kivuli, kijito pembeni, raha tupu! Dalali alitaka malipo ya awali siku hiyohiyo. Mwenzangu akasema ndiyo, mimi nikasita. Tukanuniana.

Rafiki yetu, mtu wa mambo ya mazingira, akatuvusha. "Shukeni majini kwanza," akasema, huku akitoa wavu na beseni jeupe.

Kazi yenyewe si ngumu. Unatega wavu kwenye mkondo, unasimama upande wa juu na kuvuruga mawe kwa miguu, maji yanasomba vilivyojificha. Kisha unamimina kwenye beseni. Tukapata kaa mdogo, watoto wa kereng'ende, visamaki urefu wa kidole (tukavirudisha haraka), na vijidudu bapa vyenye mikia mitatu. Hivyo vya mwisho vilimfurahisha sana, kwani havivumilii uchafu. Tanzania ina kipimo chake, TARISS, kilichochapishwa mwaka 2015: kila familia ya wadudu ina alama, na wale wepesi kudhurika hupewa alama za juu. Maji ya chupani husema ya leo tu. Wadudu wameishi pale, wanajua na ya jana.

Tukashuka kidogo, chini ya mfereji wa maji ya kufulia. Beseni likatoa ruba na minyoo myekundu, basi. Tukatazamana.

Rafiki akahesabu hatua kutoka majini hadi pale ambapo tungejenga: thelathini! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Na shimo letu la choo lingekuwa wapi? Maji ya upande huu wa mlima huteremkia Bonde la Pangani, nyumbani kwa perege wa asili, Oreochromis jipe, ambaye sasa yumo hatarini kabisa kutoweka.

Hatukununua. Dalali hakutuaga. Usiku, kwenye chipsi mayai, mwenzangu akacheka: "Yule kaa ametuokolea hela na ndoa."

Kwa hiyo wapendwa, mkienda kutazama kiwanja, bebeni beseni jeupe. Na kama lazima mbishane, bishaneni mkiwa mmesimama majini, kabla hela haijatoka mfukoni.