Sigara Hospitalini: Nani Anaguswa?

Wasee, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, hospitali ikiwemo. Faini ni hadi shilingi 50,000, ama jela miezi 6, ama zote mbili. Poa. Sasa nani anaguswa?

Juzi nilienda kumwona shangazi, ana pumu. Chini ya dirisha la wodi, soja alimfukuza kijana wa boda na sigara yake, kelele mingi. Punde si punde mzee wa suti akawasha yake hapo hapo, kando ya gari kubwa. Soja akageuka akaangalia geti. (Simlaumu sana, analinda kazi yake.) Shangazi akakohoa, ikabidi nifunge dirisha na joto lote hilo.

Wakubwa wa hospitali wampe soja barua: akisema zima, hata daktari anazima.