Kamba ya Historia Nyumbani

Mtoto aweza kukariri tarehe nyingi za historia, na huku asitambue umbali ulioko kati ya tarehe na tarehe. Hapa Jinja nimewasikia watoto wakitaja 1862, mwaka aliofika John Hanning Speke penye maporomoko ya Ripon, na 1962, mwaka wa Uhuru wa Uganda, kana kwamba mambo hayo yalifuatana wiki kwa wiki. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze walimu wenzangu chombo tulichokitengeneza nyumbani, mimi na wanangu watatu.

Hatukuchora mstari ukutani, maana kilichochorwa ukutani hakisogei. Tulifunga kamba ya katani toka dirishani hadi mlangoni, tukakata kadi kutoka maboksi ya sabuni na kuzining'iniza kwa vibanio vya nguo. Kipimo chetu ni shubiri moja kwa miaka kumi, nayo ni shubiri yangu, ili mikono ya watoto isigombane. Basi wakaona kwa macho: toka Speke hadi Uhuru ni shubiri kumi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1967 ikavunjika 1977, ilienea shubiri moja kamili. Na kabla haijafufuka mwaka 2000 zilipita mbili na zaidi.

Mdogo wao aliuliza kama kabla ya Speke hapakuwa na watu. Tuliifungua kamba tukaiunga, kwani wafanyabiashara wa pwani walikwisha fika kwa Kabaka Suuna, na Kiswahili vinywani mwao.

Lakini kadi iliyotufundisha zaidi haina mwaka. Bibi yao alitaka awekwe kaka yake, mjomba wangu, aliyetoka nyumbani asubuhi moja wakati wa Idi Amin asionekane tena. Mwaka haujui. Watoto wakamwuliza: Je, Wahindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa? Naam, duka la jirani lilikuwa limefungwa. Je, majeshi ya Tanzania yalikuwa yameingia? Bado. Kadi ikakaa kati ya 1972 na 1979. Baada ya siku kadhaa akakumbuka kwamba kaka yake alikuwa mfanyakazi wa reli, nayo reli ilikuwa ingali moja ya Afrika Mashariki. Kifungua mimba wangu akaondoka kimya, akaisogeza kadi nyuma ya 1977. Imebaki nusu shubiri ya shaka, na mama yangu huitazama kila apitapo.

Hapana kitabu cha shule kitakachomtaja mtu huyo, wala hatuna kaburi lake. Mahali pake ni hapo kambani. Nawasihi walimu wenzangu: mpeni mtoto kamba kabla ya kumpa orodha ya tarehe. Na kadi isiyo na mwaka msiitupe. Mwulizeni mzee angali hai, lipi lilitangulia na lipi lilifuata.