Kuni zilipohamia stoo pamoja na mahindi

Kuweka kuni ndani si jambo jipya. Bibi zetu walizirundika juu ya kichanja jikoni, moshi wa mafiga ukizipitia asubuhi na jioni, na mdudu hakupata pa kukaa. Siku hizi nyumba zimebadilika. Dari limewekwa, sakafu ni ya saruji, gesi ipo kwa ajili ya chai. Kuni bado zinaingia ndani, ila moshi haupo tena.

Familia moja pembezoni mwa mji wa Tabora ilihamia nyumba mpya ya matofali ya kuchoma. Maharage na makande yaliendelea kupikwa kwa kuni kwenye banda dogo la nje. Kuni zenyewe ziliwekwa stoo zisilowe, zikaegemezwa ukutani kando ya magunia saba ya mahindi, chakula cha watu tisa hadi mavuno.

Mwezi Machi mama wa nyumba akaanza kuona unga mwembamba chini ya kuni. Alifagia, kesho yake ukarudi. Wiki iliyofuata unga ukawa chini ya gunia la kwanza. Alipolifungua, punje nyingi zilikuwa zimebaki maganda matupu.

"Mama, hebu njoo uone huku stoo," alimwita mama mkwe wake.

Bibi alichota unga kidogo, akausugua kwa vidole. "Scania hao, mwanangu. Na kwenye kuni wamo."

Wakulima wa makamo mkoani humo wanalijua vizuri jina hilo. Ni dumuzi, mdudu mweusi mwenye urefu wa milimita tatu hadi nne, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa nchini aligunduliwa kwanza mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni wa ukoo wa wadudu wanaotoboa miti, kwa hiyo mahindi na makopa ya muhogo anayala, lakini anaweza pia kuishi ndani ya mti mkavu. Unaweza kusafisha stoo na kutia dawa mahindi mapya, ukamwacha mdudu ametulia ndani ya gogo hatua mbili tu kutoka hapo.

Gunia moja na nusu liliishia kwa kuku. Hilo liliuma, lakini lilivumilika.

Siku chache baadaye mtoto wa miaka sita alitumwa kuchukua kuni mbili jioni. Alipenyeza mkono kati ya magogo, nge akamchoma kidoleni. Jirani akashauri wachanje kwa wembe na kufunga kamba. Baba alikataa, na hapo alifanya la maana kuliko yote. Waliosha kidole kwa maji na sabuni, wakampakia mtoto kwenye bodaboda hadi zahanati. Alikaa chini ya uangalizi usiku kucha, akapona. Mwili wa mtoto ni mdogo, hivyo sumu ya nge humzidi kuliko mtu mzima. Akitapika, akitokwa na mate mengi, akihema kwa shida au akikakamaa, ni hali ya hatari.

Kesho yake baba alileta dawa ya kunyunyizia, apulizie rundo lote. Mkewe akaikamata chupa. "Kuni hizi ndizo zitakazoivisha maharage ya watoto. Moshi wake nani atauvuta?" Kwa haki kabisa. Kuni hazipuliziwi dawa, na mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa haziendi jikoni.

Rundo likatolewa nje lote. Magogo yaliyokuwa yakimwaga unga yalichomwa siku hiyo hiyo. Baba alipanga matofali, akalaza miti juu yake, kuni zikawa futi moja kutoka ardhini na hatua kama sita kutoka ukutani. Juu aliweka bati, pembeni akaacha wazi upepo upite. Watu wengi hufunika kuni kwa turubai hadi chini, kisha wanashangaa zimeota ukungu. Unyevu ndio unaowavuta mchwa. Kila Jumamosi matofali hukaguliwa, na njia ya udongo ikionekana inapanda, inabomolewa.

Gogo nene hupasuliwa likiwa bado bichi, maana likikauka linagoma shoka. Ganda linaloachia linabanduliwa, kwa kuwa chini yake ndipo nge na tandu hujificha mchana. Kuni iliyokauka huwa nyepesi, ina nyufa kwenye ncha, na ukigonga mbili pamoja zinalia kwa sauti kali.

Zinazosogezwa bandani ni za siku moja tu, kuanzia zile za zamani. Watoto hawazifuati tena peke yao, wala gizani. Mkubwa huvaa viatu, huligeuza gogo kwa fimbo kwanza, hulikung'uta chini, ndipo hulibeba.

Bibi alinung'unika kuhusu umbali, hasa mvua ikinyesha. Mwanawe akamwekea pipa kuukuu lenye mfuniko karibu na mafiga, linalotosha kuni za mapishi mawili. Kila jioni hulimwaga lote na kulipiga kitako kabla ya kulijaza upya.