Peni Ilipokuwa Kubwa Kuliko Shilingi

Ukitaka kujua umri wa mtu wa Likoni, usimwulize alizaliwa lini. Mwulize ndururu ilimnunulia nini. Akikutajia kaimati, huyo ni mwenzangu. Akikukodolea macho, ni mtoto wa juzi, mpe salamu upite.

Sisi tuliokulia ng'ambo ya feri miaka ya sabini tulijifunza hesabu kwa sarafu za Kenyatta, na hesabu yenyewe ilikuwa na vioja vyake. Peni, yaani senti kumi, ilikuwa ya manjano na pana: milimita thelathini na ushei, ilhali shilingi haikufika hata ishirini na nane. Mtoto akiambiwa achague moja, alichukua peni. Wakubwa walitucheka, lakini peni ulipoitia mfukoni mwa kaptura ulijua una pesa. Thumuni, yaani nusu shilingi, ilikuwa ndogo, nyeupe, rahisi kupotea mchangani, na siku ikipotea nyumba nzima ilitoka kuitafuta.

Nyanya yangu alikuwa na zake nyingine, ndururu, zile senti tano za tundu za Mwingereza, alizozitunga kwenye uzi na kuzitundika nyuma ya mlango. Zilikuwa za ile Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919, iliyoizika rupia na kutuletea shilingi. Kenya ilipoanza kutoa pesa zake, ndururu zile zikawa mapambo. Nyanya hakuzitupa. Alisema serikali ni kama maji ya Mtongwe, yaliyokupwa huenda yakajaa tena, na yeye hakutaka kukutwa mikono mitupu. Alifariki akingali amezitundika.

Mabadiliko yale ya kwanza hayakuhitaji kuelezwa. Benki Kuu iliundwa mwaka 1966, na tarehe 14 Septemba mwaka huohuo noti za kwanza za Kenya zikatoka, sura ya Mzee Kenyatta juu yake. Nchi mpya, pesa mpya. Wala wazo hilo halikuanza na uhuru. Mwaka 1888 ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipokodishiwa pwani hii na Sultani wa Unguja, mojawapo ya mambo ya mwanzo iliyoyafanya ni kupigisha sarafu za shaba zenye mizani na jina la Mombasa. Ilikuwa haijajenga reli wala barabara ya maana, lakini sarafu tayari inayo. Mtawala huenda asikufikie nyumbani kwako mwaka mzima. Sarafu yake inalala nawe.

Na hapo ndipo reale ya Maria Theresa inaponifurahisha. Malkia yule wa Austria alifariki mwaka 1780, na sarafu yake ya fedha ikaendelea kupigwa miaka na mikaka baadaye, sura ileile, mwaka uleule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara kuanzia Bahari ya Shamu hadi huku kwetu waliizoea ile na hawakutaka ya mtu mwingine. Waliotaka kuaminiwa hawakuigusa sura. Wa kwetu walitaka kuonekana kwanza.

Kenyatta alifia hapahapa Mombasa, kisiwani, usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1978. Kufika mwaka 1980 mrithi wake, Moi, alikuwa ameshakaa kwenye pesa. Nakumbuka watu wazima wakizigeuzageuza zile noti kivukoni mwa feri, si kwa kuzisoma, bali kwa kuhakikisha. Mama alikuwa akiuza mahamri na mbaazi alfajiri, na swali lake lilikuwa moja tu: hizi za Mzee zitakataliwa lini? Hazikukataliwa. Zilichakaa zenyewe pole pole, na kwa miaka kadhaa Kenyatta na Moi walilala pamoja kwenye fundo moja la leso. Hivyo ndivyo pesa inavyopaswa kubadilishwa, kama kuna lazima ya kuibadilisha.

Baada ya hapo ikaja miaka ambayo sarafu zilipanda na noti zikashuka. Shilingi tano iligeuzwa sarafu mwaka 1985, ile ya pembe saba tuliyoipenda kwa umbo lake. Kumi ikafuata mwaka 1994, na ishirini mwaka 1998. Sababu iliyotolewa ni ya kweli: noti ndogo hupita mikono mingi, na kwa joto letu hili, jasho la wapakuzi bandarini na shombo la samaki wa Mtongwe, haifiki mbali kabla ya kuwa tambara. Sarafu hudumu miongo. Tena vipofu huitambua kwa vidole. Lakini sisi tuliokuwa upande wa kununua tuliona na jambo la pili. Noti ikigeuzwa sarafu, ujue imeshushwa cheo. Shilingi ishirini, pauni tuliyoiita kwa heshima, ilitoka kwenye pochi ikaingia kwenye kopo la chenji. Na kwa juu noti nyingine zikaongezwa: mia mbili mwaka 1986, mia tano mwaka 1988, elfu mwaka 1994. Hiyo mia tano ilijazana mitaani wakati wa uchaguzi wa 1992 hata watu wakaipa jina la Jirongo, kijana aliyeongoza kundi la kampeni la YK'92. Mwaka uliofuata bei zilipanda kwa karibu asilimia 46. Baba alikuwa akifanya kazi Changamwe, na mshahara wake ulikuwa ukija kwenye bahasha. Bahasha ilinenepa, kapu la sokoni likakonda.

Kisha shilingi ikapunguzwa. Tangu mwaka 1995 ikatoka ndogo, ya chuma kilichopakwa rangi ya manjano, na ile nyeupe nzito ikaanza kuadimika. Sikuhitaji mchumi kunieleza. Palikuwa na fundi mmoja Changamwe aliyekuwa akizitoboa zile peni pana na kuzitumia badala ya washa, kwa kuwa washa dukani ilikuwa ghali kuliko senti kumi. Madini yakizidi thamani iliyoandikwa juu yake, serikali yoyote duniani hupunguza sarafu au hubadilisha chuma, la sivyo mafundi wataimaliza. Fundi yule alikuwa mbele ya Benki Kuu, wala hakuwa na habari.

Moi alipoondoka, tulidhani suala la vichwa limekwisha. Kibaki alikuwa amesema sura yake haitawekwa kwenye pesa. Ikaja Desemba 2003, nchi imetimiza miaka arubaini ya uhuru, na sarafu ya shilingi arubaini ikatolewa, yenye kichwa cha nani? Cha Kibaki. Makanga wa Kisauni hawakujua waifanyeje, kwa maana hakuna hesabu ya nauli inayotaka arubaini ya kipande kimoja. Ilipotea vibubuni. Pesa nyingine zikarudishiwa Kenyatta, aliyekuwa amefariki robo karne nzima.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyokata neno: kifungu cha 231 kinasema noti na sarafu zisibebe picha ya mtu yeyote. Mimi nilikipigia makofi kifungu hicho kuliko vingine vingi. Sikujua kwamba tutangoja miaka minane kabla ya kuona sarafu moja.

Katikati ya kungoja huko likatokea la Bangladesh, kile kijiji cha mabanda upande wa Mikindani. Mwezi Mei 2013 wachuuzi wa pale walianza kupeana vocha walizoziita Bangla-Pesa: fundi viatu anamlipa muuza maji, muuza maji anamlipa muuza mboga, shilingi halisi isipopatikana. Zilikuwa karatasi za rangi zenye thamani ndogo, hazikuiga noti yoyote. Serikali ilishtuka hata hivyo. Watu wakakamatwa, Mmarekani aliyewasaidia, Will Ruddick, akiwa miongoni mwao, na pakasikika hata minong'ono ya kuwahusisha na wale wa kudai Pwani ijitenge. Mwezi Agosti mashtaka yakaondolewa. Nilijifunza mengi kuhusu pesa mwaka ule kuliko miaka yote. Serikali iliyokuwa haijapata nafasi ya kutimiza katiba kuhusu sura ya noti zake ilipata nafasi ya kuwafuata wauza sukumawiki wa Bangladesh.

Sarafu mpya zilitoka tarehe 11 Desemba 2018: twiga kwenye shilingi, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Noti zikafuata tarehe 1 Juni 2019, sikukuu ya Madaraka kule Narok. Zote zilikuwa na jumba la KICC, na mbele ya jumba hilo, kwa aliyeangalia vizuri, palikuwa na sanamu ya Mzee Kenyatta ameketi. Kesi ikapelekwa mahakamani kwamba hiyo nayo ni picha ya mtu. Mahakama Kuu ikaitupa. Mama, ambaye macho yake hayakuwa mazuri tena, alisogeza noti mwangani, akasema, "Babu wa watu, hata kumtoa hawawezi?"

Safari hii lakini hakukuwa na kulala pamoja kwenye fundo la leso. Noti ya zamani ya elfu ilipewa mpaka tarehe 30 Septemba. Siku ya pili yake ni karatasi. Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alisema wanaolengwa ni wenye noti bandia na fedha za magendo. Sibishi. Noti za elfu zilizokuwa nje zilikuwa milioni 217 na zaidi, na mwisho wa zoezi ni milioni 7.4 tu ambazo hazikurudi, za shilingi bilioni 7.4. Huenda nyingi katika hizo zilikuwa za wezi walioogopa kuulizwa. Lakini nazijua chache ambazo hazikuwa za mwizi. Shangazi yangu wa Kisauni alikuwa amezitia ndani ya mto wa usufi, akiba ya sanda na kaburi, maana hakutaka kumsumbua mtu atakapokufa. Hakuwa na redio, na wajukuu hawakujua habari za mto. Tulizikuta mwezi wa Novemba, tukiufua.

Hakulia. Aliuliza tu kwa nini waliombadilishia hawakupita kumwambia, ilhali wa kuomba kura hupita nyumba kwa nyumba.

Wajukuu hao wenyewe pesa wanaigusa mara chache. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, tarakimu kwenye simu zimekuwa ndizo pesa, na hazina ndovu wala KICC. Ndiyo maana Agosti 2024, noti zilipobadilishwa tena, saini ya gavana mpya, Kamau Thugge, na nyuzi za usalama zinazogeuka rangi, kazi ya uchapaji ikiwa imepewa kampuni ya Kijerumani ya Giesecke+Devrient baada ya kiwanda cha De La Rue cha Nairobi kufungwa, kelele zilizopigwa zilihusu mkataba. Noti zenyewe hakuna aliyezitazama.

Ila kina mama wa chama chetu cha Likoni walizitazama. Mhazini alizipanga mkekani, mpya huku, za zamani kule, na kabla hajafungua daftari mmoja wao akauliza, "Hizi za kale zingali zaenda?"

Zaenda, nikamwambia. Benki Kuu imesema zitatumika pamoja.

"Mpaka lini?"

Nikamwambia hawakutaja tarehe. Akazitoa zote za zamani kwenye fungu lake, akamsukumia mhazini, akabakisha mpya.