Kitanda cha Pili

Wahenga walinena kwamba vyaelea vimeundwa. Kwa muda wa miaka 31, mwalimu mmoja wa Kiswahili aliiandika methali hiyo ubaoni katika shule za upili za Uasin Gishu, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni Mto Sosiani ufurikapo wakati wa mvua. Aliifafanua kwa ufasaha, akaitungia maswali na kuyasahihisha majibu kwa kalamu nyekundu. Jambo moja tu hakuwahi kuwaambia wanafunzi wake: kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameiona bahari.

Siku moja, msichana wa kidato cha tatu aliinua mkono. Somo lilikuwa limefikia methali isemayo, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Mwalimu alikuwa amekwisha kueleza kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni ule uvungu wa chini ambamo maji yaingiayo chomboni hujikusanya.

"Mwalimu, umewahi kuiona ngama?" msichana akauliza.

Mwalimu alitazama saa yake, akasema kwamba kengele i karibu kulia. Naam, kengele ililia. Hata hivyo, swali lile halikutoka nje pamoja na wanafunzi. Lilimfuata mwalimu hadi nyumbani kwake mtaani Kapsoya. Mumewe, aliyekuwa na karakana ya useremala papo hapo mtaani, alicheka mno aliposimuliwa kisa hicho. Akaahidi kwamba watakapozeeka watakwenda pwani pamoja, mke akaione ngama, na mume akaone jinsi mbao zinavyoungwa hata zisipitishe maji. Ahadi ni deni, lakini mauti hayangoji madeni yalipwe. Seremala aliaga dunia mwaka mmoja kabla ya mkewe kustaafu.

Mwana wao wa kiume alikuwa Marekani wakati huo, na hati zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika. Lau angetoka, hangeruhusiwa kurudi. Aliyatazama mazishi ya baba yake katika simu iliyoshikwa na binamu yake. Mawasiliano yalikatika mara kadhaa, na yalipokatika mara ya mwisho, jeneza lilikuwa bado halijateremshwa kaburini. Kuanzia siku hiyo hakulitaja kaburi wala mama yake hakulitaja.

Miaka mitatu baadaye, hati zilipopatikana, mwana alipiga simu kwa furaha. Alikuwa amempatia mama yake zawadi: safari ya siku saba katika meli kubwa ya kitalii, kutoka Barcelona hadi Marseille, Genoa na Naples, kisha kurudi Barcelona.

"Mama, nauli ni dola 950 tu," alisema. "Usihesabu chochote. Wewe funga mizigo."

Kumwambia mwalimu asihesabu ni sawa na kumwambia seremala asipime ubao. Usiku ule mwalimu alifungua daftari, akaandika dola 950, ambazo ni shilingi 122,000 na ushei. Mpwa wake, mtaalamu wa mitandao, akamsaidia kusoma yale masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya tangazo. Hapo ndipo alipogundua kwamba bei ya meli ni kama mzizi wa mti: kionekanacho juu ya ardhi si mti wote. Kulikuwa na ada za bandari na kodi, dola 180. Kulikuwa na bakshishi ya wahudumu, dola 16 kila siku, iliyokatwa hata kabla abiria hajamwona mhudumu. Kulikuwa na ndege ya kwenda na kurudi, dola 900. Viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, ilihitajika pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Aidha, meli haimngoji abiria ambaye ndege yake imechelewa. Kwa hiyo ilimpasa kulala hotelini Barcelona usiku wa kuamkia safari. Matembezi ya nchi kavu, vinywaji na intaneti vilikuwa na bei zake mbali.

Yote hayo aliyaandika bila kutaharuki. Kilichomsimamisha ni mstari mmoja. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja kwa sharti kwamba chumba kinalaliwa na watu wawili. Anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza, na nyongeza hiyo huweza kufikia nauli nzima ya yule mtu wa pili asiyekuwapo. Mwalimu aliusoma mstari huo mara tatu. Ikawa ni dola 950 nyingine, za kitanda kitakachokaa kitupu kando yake kwa usiku saba. Alipojumlisha, hesabu ilifika dola 3,372, yaani kiasi cha shilingi 435,000. Akaifunga daftari, akaenda kulala katika kitanda ambacho upande wake mmoja ulikuwa mtupu bila malipo yoyote.

Juma lililofuata kijana wa jirani alikuwa likizoni. Aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na sasa alikuwa dobi katika meli ya namna ileile. Alikuwa amemaliza mkataba wa miezi minane. Akaketi barazani kwa mwalimu na kikombe cha chai.

"Mwalimu, zile si meli," alisema, "ni miji."

Hakutia chumvi. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watalii Januari 2024, ina urefu wa karibu mita 365, sitaha 20 na nafasi ya abiria zaidi ya 7,000. Ndani yake mna mabwawa ya kuogelea, kumbi za michezo na mikahawa chungu nzima. Kijana alisimulia kwamba wapo abiria wanaoshuka siku ya saba bila kidole chao kugusa maji ya chumvi. Wala hawajapunjwa, akaongeza. Walichokilipia ni mapumziko, na mapumziko wameyapata. Yeye mwenyewe alifanya kazi chini kabisa, mahali pasipo na dirisha, akifua mashuka ya watu asiowajua. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unaruhusu baharia kufanya kazi hadi saa 14 katika muda wa saa 24, na kijana alikuwa amezijua saa hizo moja baada ya nyingine. Hata hivyo hakuilaani meli. Ndiyo iliyowalipia karo wadogo zake wawili.

Mwalimu aliikumbuka riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, ambayo aliwahi kuwafundisha wanafunzi wake habari za wachukuzi wa bandari ya Zanzibar. Vyaelea vimeundwa, alijisemea, tena vinaendelea kuundwa kila siku na walio chini.

"Kwa nini basi isiwe Mombasa?" alimuuliza kijana.

Kijana alieleza kwamba meli za kitalii hufika Mombasa, ila nyingi hupita tu katika safari ndefu zaidi na za ghali zaidi. Bahari ya huku imewahi kuwatia wenye meli hofu. Mwezi Novemba 2005, meli ya Seabourn Spirit ilishambuliwa na maharamia karibu na pwani ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, na kwa miaka kadhaa baadaye kampuni nyingi ziliikwepa njia hiyo. Uharamia umepungua mno, lakini biashara hairudi kwa kasi iliyoondoka nayo.

Jumapili jioni mwana alipiga simu kuuliza kama pasipoti iko tayari. Mama akamsomea hesabu yote, mstari kwa mstari.

"Mama, nilikwambia usihesabu. Fedha ni zangu."

"Najua ni zako, mwanangu."

"Basi unaikataa zawadi yangu?"

"Siikatai. Nauliza tu, kitanda cha pili kitalaliwa na nani?"

Kimya kikatanda. Mwalimu alidhani mawasiliano yamekatika, kama yalivyokatika siku ile makaburini. Kisha akasikia pumzi za mwanawe.

"Hukukosea kutokuja," mama alisema. "Sijawahi kukwambia, nami nilipaswa kukwambia. Hakuna meli unayopaswa kuninunulia. Nauli hiyo, itumie uje nyumbani. Tutakwenda kaburini kwanza, kisha baharini."

Wapo watakaosema kwamba mwalimu alichagua unafuu. La hasha! Nauli ya mwana kutoka Marekani ilikuwa kubwa kuliko ile ya mama kwenda Barcelona, tena kazini alipewa likizo ya majuma mawili bila mshahara. Juu ya hayo kulikuwa na basi la Eldoret hadi Nairobi, treni ya Madaraka hadi Mombasa kwa shilingi 1,500 kila mmoja, basi jingine hadi Mokowe, na mashua ya kuvukia hadi kisiwani Lamu. Yote yalipojumlishwa, tofauti kati ya safari mbili hizo haingetosha kununulia mtamba. Mwalimu hakuokoa fedha. Alibadilisha kile ambacho fedha zilikuwa zikinunua.

Walifika Lamu wakati wa kaskazi. Katika kijiji cha Matondoni, mashuhuri kwa uundaji wa vyombo, walilikuta jahazi moja limepwelewa ufuoni likikarabatiwa. Mafundi walikuwa wakilitia kalafati, wakizishindilia pamba zilizolowekwa mafuta katika nyufa za mbao. Mwalimu aliwaamkia, akaeleza kwa Kiswahili chake cha darasani kwamba amefundisha habari za ngama kwa miaka 31 na angependa kuiona. Fundi mzee hakucheka. Alimwekea ngazi.

Kulikuwa na giza ndani, na harufu ya maji yaliyolala na mafuta ya papa. Hapakuwa na lolote la kuvutia watalii. Mwalimu aliinama, magoti yakimuuma, akachovya kidole katika maji yaliyotuama chini, kisha akakionja. Yalikuwa ya chumvi. Aliponyanyua uso alimwona mwanawe, aliyekuwa ameshuka nyuma yake, amesimama kando ya ubavu wa chombo. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mahali palipokutana mbao mbili, akikipitisha polepole huku na huku, vilevile kama baba yake alivyokuwa akiupima ubao uliokwisha kupigwa randa. Alisimama hivyo kwa muda mrefu bila kusema kitu. Mama naye hakumharakisha.

Siku hizi majirani wa Kapsoya humuuliza mwalimu iwapo safari ya meli ya kitalii ina thamani ya bei yake, hasa wale ambao watoto wao wa ng'ambo wameanza kutoa ahadi kama hiyo. Hamkatazi mtu. Huwaambia wasome herufi ndogo, wahesabu vitanda, kisha wajiulize wanakwenda kutafuta nini. Aliyechoka na anayetaka kupumzika huenda akakipata kilicho chake.

Yeye, aliporejea, kitu cha kwanza alichokifanya kilikuwa kuitafuta nambari ya simu ya yule msichana wa kidato cha tatu, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili. Akamwandikia ujumbe wa maneno mawili tu: "Nimeiona ngama."