Usingoje Mwajiri Akutume Darasani

Katika afisi za jiji hili la Kisumu kuna swali ambalo halizeeki. Utalisikia saa nne wakati wa chai, na utalisikia tena jioni watu wakisubiri matatu: "Sisi watatupeleka kozi lini?" Anayeuliza huenda ni karani, mwuguzi, mhasibu au hata mwandishi wa habari kama mimi. Swali lenyewe si baya. Linaloniudhi ni kwamba aghalabu huyo anayeuliza amekaa miaka saba akiuliza, na katika miaka hiyo saba hajafungua hata kitabu kimoja kinachohusu kazi anayoifanya. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi matumbo hayo nimeyaona nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika KICOMI, kile kiwanda cha pamba na nguo kilichoanzishwa hapa Kisumu katika miaka ya 1960. Kazi yake ilikuwa kutunza mashine za kusokota uzi, na naambiwa aliijua kazi hiyo barabara. Angeweza kuisikia mashine inataka kuharibika kabla haijaharibika. Lakini mashine za aina hiyo hazikuwa kwa jirani wala kijijini. Zilikuwa ndani ya ua ule peke yake. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mitumba ikamiminika nchini, viwanda vya nguo vilianza kuyumba kimoja baada ya kingine. Chetu nacho hakikupona. Kilipofungwa, baba alitoka langoni na ujuzi wa miaka mingi ambao hapakuwa na mtu mwingine wa kuununua.

Katika idara yake kulikuwa na rafiki yake mmoja, mtu wa Nyakach, ambaye sisi watoto tulimwita Jaduong' kwa heshima. Wenzake walipomaliza zamu na kwenda kujiburudisha, yeye alikuwa akipitia kwa fundi mmoja wa umeme, anamshikia koleo, anatazama jinsi mota iliyoungua inavyofunguliwa na kusukwa upya nyaya zake. Walimcheka sana. "Unatafuta nini, na mshahara unao?" Yeye akaendelea. Baadaye alifanya mtihani wa serikali wa ufundi, gredi ya tatu kwanza, kisha ya pili, kwa ada aliyoilipa mwenyewe. KICOMI ilipomwaga unga wake, alikuwa na kibanda karibu na soko la Kibuye kabla ya mwezi kwisha. Mota za posho mili zilitoka hadi Ahero na Bondo kuja kutengenezwa pale.

Baba yeye alingoja. Kila uchaguzi ulipokaribia kulikuwa na mtu aliyesimama jukwaani na kutangaza kuwa kiwanda kitafunguliwa, na kila mara baba alitafuta vyeti vyake na kuvipanga. Karo yetu ilitoka kwa mama, aliyekuwa akiuza omena.

Nisieleweke vibaya. Baba hakuwa mvivu, na sitaki msomaji amcheke. Alifanya kila alichoambiwa na waliomwajiri. Taabu ni kwamba kiwanda kilimfundisha kile tu kilichokifaa kiwanda. Mwajiri anapokupeleka kozi, hata awe mwema namna gani, anatengeneza kifaa chake. Hilo si kosa lake. Ila wewe una maisha marefu kuliko kiwanda chake, na hesabu hiyo hawezi kukupigia.

Tazama historia ya ufuo huu wetu. Kiwanda cha sukari cha Miwani, kilichokuwa cha kwanza nchini Kenya tangu mwaka wa 1922, kiliporomoka mwaka wa 2001. Kenya Breweries walifunga kiwanda chao cha Kisumu mwaka wa 1999, wakakifungua tena mwaka wa 2019. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini piga hesabu. Aliyepigwa kalamu mwaka wa 1999 akiwa na miaka 38 alikuwa na miaka 58 lango lilipofunguliwa, na nyuma ya lango hilo kulikuwa na mitambo mipya ambayo hakuwahi kuigusa. Miaka ishirini si kipindi cha kungojea. Katika miaka ishirini mtu huweza kujifunza kazi tatu na kusahau mbili.

Tukizungumza habari ya kujifunza kazi tatu, nasikitika kwamba vijana wetu humjua Grace Ogot kama mwandishi wa vitabu tu. Mimi napenda kumtazama kama mfanyakazi. Mama huyu alizaliwa mwaka wa 1930, akasoma Ng'iya na Butere, kisha akaenda Mengo, Uganda, kusomea uuguzi kuanzia mwaka wa 1949. Alipofika Uingereza kuendelea na ukunga, aliingia pia katika idhaa ya BBC akawa mtayarishaji na mtangazaji. Akarudi, akafundisha wakunga Maseno. Akasimamia mafunzo ya akina mama hapa hapa Kisumu. Akafanya kazi Makerere. Akawa afisa wa uhusiano mwema wa shirika la ndege la Air India. Katikati ya hayo yote alikuwa akiandika hadithi, na mwaka wa 1966 ikatoka riwaya yake The Promised Land. Miaka ya 1980 ikamkuta bungeni, akawa waziri msaidizi, na mwaka wa 1983 akatoa kitabu cha Kijaluo, Miaha. Alifariki mwaka wa 2015.

Sasa niambie, ni hospitali gani iliyompeleka kozi ya kuandika riwaya? Na angalia jambo jingine: hakuitupa kazi moja alipoikamata nyingine. Wagonjwa na desturi zao wamo katika hadithi zake. Sauti aliyoizoeza London ilimfaa jukwaani. Watu wengi hudhani kujiendeleza ni kuruka kutoka tawi hili hadi lile, kumbe yafaa tawi la pili liwe karibu na la kwanza ili mkono ufike.

Jambo hilo nilijifunza kwa njia yangu ndogo. Nilihitimu diploma ya uandishi wa habari nikiwa na miaka 22, nikaajiriwa na shirika moja la habari hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa makala. Nilikwenda Dunga, Usenge, Mbita hadi Mfangano, nikarudi na daftari limejaa. Kisha makala inalala mezani kwa mhariri wiki tatu kwa sababu haina picha. Mpiga picha yuko Nairobi, na gari halina mafuta. Niliomba nifundishwe kupiga picha ili niondoe kikwazo hicho. Nikaambiwa nisubiri bajeti. Bajeti ikaja, ikapita. Ya pili ikaja, nayo ikapita.

Zamu yangu ya kupokea katika chama ilipofika, nilichukua shilingi 28,000 nikanunua kamera iliyotumika. Dada yangu alisema nimerogwa, maana nyumbani hapakuwa na hata friji. Kisha nikamtafuta mzee mmoja mwenye studio, wa wale waliotupiga picha za pasipoti tangu zamani, tukakubaliana shilingi 500 kila Jumamosi. Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kuiwasha kamera. Alinitoa nje akanionyesha kuta. "Nyathina, kamera si kitu. Mwanga ndio kitu. Ukuta huu sasa hivi unasema nini?" Nilifikiri ananipotezea Jumamosi. Ilinichukua majuma kadhaa kuelewa kwa nini picha za ziwani zinazopigwa saa sita mchana hutoka na nyuso nyeusi kama masizi, na kwa nini wavuvi wanaorudi alfajiri huonekana kama wamepakwa dhahabu. Akanifundisha pia kwamba mtu hupigwa picha nzuri baada ya kukusahau, kwa hiyo ukae naye. Somo hilo la mwisho lilinifaa hata katika kuandika.

Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka wa 2020, matangazo ya biashara yalikauka na mashirika ya habari yakaanza kupunguza watu. Barua yangu ilikuja kwa simu, siku ya Ijumaa, mistari sita. Tulikuwa kadhaa. Sitasema kwamba sikulia, nililia sana. Lakini kodi ya nyumba ya mwezi uliofuata niliilipa kwa picha za gugumaji lililofunga njia ya mashua, nilizoliuzia shirika lililokuwa likihitaji picha za ripoti yake. Tangu hapo nauza makala na picha pamoja kwa yeyote anayelipa vizuri. Mwenzangu mmoja, ambaye kwa kalamu alinishinda mbali, alirudi kwao Ugenya kulima. Silisemi hili kwa kujigamba, maana bado makala zake nazikumbuka.

Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, kwa hiyo hata ujuzi huo nao unachacha. Ndiyo maana nilijiandikisha masomo ya jioni ya uhasibu, hatua za mwanzo tu. Sina haja ya kuwa mhasibu. Nilichoka kuletewa makadirio ya kaunti na kuyatazama kama maandishi ya Kichina.

Msomaji ataniuliza pesa zitoke wapi. Hapa nina habari ambayo watu wengi waliojiriwa hawaijui. Hapa Kenya kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo pia ndiyo husimamia ile mitihani ya gredi aliyoifanya Jaduong', na ina kituo chake hapa Kisumu. Kisheria, mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, yaani shilingi 600 kwa mwaka, ziende katika hazina ya mafunzo. Mwajiri anayelipa ipasavyo anaweza kuomba arudishiwe gharama za kumfundisha mfanyakazi wake katika chuo kilichoidhinishwa. Basi badala ya kuuliza "lini", nenda kwa afisa wa wafanyakazi na karatasi mkononi: kozi ni hii, chuo ni hiki, ada ni hii, na namna ya kurudishiwa ni hii. Huenda akakataa. Lakini ni vigumu zaidi kumkatalia mtu mwenye karatasi kuliko mtu mwenye kilio.

Cheti nacho kisidharauliwe, hasa na mafundi wa jua kali. Kijana mmoja jirani yetu Nyalenda alikuwa akichomelea milango na madirisha kwa miaka minane, mkono wake safi, lakini kila zabuni kubwa ilimpita kwa kukosa karatasi. Mwaka aliopata gredi yake, mwanakandarasi wa matangi ya maji alimchukua, na ujira wake kwa siku ukaongezeka karibu mara mbili. Mkono ni ule ule.

Na kazi ya chuma haijaisha kando ya ziwa hili. Tangu reli ilipofika hapa mwaka wa 1901, meli nyingi za Ziwa Victoria zilitengenezwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa kwa reli na kuunganishwa Kisumu. Ndivyo ilivyokuwa kwa MV Uhuru katika miaka ya 1960. MV Uhuru II nayo iliunganishwa hapa, katika karakana ya Kenya Shipyards, ikazinduliwa mwaka wa 2023. Kiungo cha bamba la meli si kiungo cha lango la nyumba. Hukaguliwa kwa vyombo, na anayekichomelea sharti awe amethibitishwa. Meli nyingine ikija, mafundi watatoka wapi, Nyalenda au ng'ambo?

Kwa akina dada nina neno moja la ziada, nalo ni juu ya jioni. Mwanamume akisema anakwenda darasani saa kumi na mbili, chakula humngoja mezani. Mwanamke akisema hivyo, huulizwa nani atapika. Mimi na mzee wa nyumba tulibishana juu ya jambo hili majuma mawili, na suluhisho halikuwa la kimapenzi: Jumanne na Alhamisi yeye hupika. Hupika ugali na mayai Jumanne, na Alhamisi hupika mayai na ugali. Watoto wamezoea. Dada asiye na mzee wa kupika anaweza kupatana na jirani, wakapokezana kutunza watoto. Nimeona wakifanya hivyo Manyatta na mambo yakaenda. Na usiku ukishindikana kabisa, maktaba ya umma ya Kisumu ipo mchana, na hakuna anayekuuliza umetumwa na nani.

Mwaka huu nimeanza jambo jingine. Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikipanda mashua kwenda visiwani kutafuta habari, na sijui kuogelea. Wavuvi wengi niliowahoji hawajui pia, na kila mwaka ziwa huwachukua baadhi yao. Mwalimu wangu ni kijana ambaye huniita mama, jambo linaloniuma kidogo, na huniambia nitie uso majini nipulize mapovu kama mtoto wa chekechea. Jumamosi iliyopita nilielea bila kushikwa. Alihesabu hadi tisa.