Ukoko wa Kilburn

Mhariri aliniomba niandike kuhusu utafiti wangu. Nitaandika kuhusu wali; mkifika mwisho mtaona sikutoka mbali sana.

Nina miaka thelathini, nasoma uzamili wa uhandisi, na kazi yangu ni mahesabu ya joto: linavyopita kwenye chuma, linavyopotea. Naishi Kilburn, nyuma ya High Road, na mwenzangu wa Mombasa na Mganda mmoja mpole. Kwa miaka miwili tumekula wali wa jiko dogo la umeme nililolinunua paundi nane, mtumba. Silidharau. Tangu Toshiba waanze kuuza majiko ya namna hiyo Japani mwaka 1955, msingi wake ni ule ule: maji yakiwepo, joto la chungu halipiti sana nyuzi 100; maji yakishakwisha linapanda ghafla, swichi inaruka. Tiki! Wewe uko na kitabu chako. Lakini linalisha watu watatu tu, na ukoko humo haupatikani.

Basi mwezi wa pili mwaka jana bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Ngamiani, Tanga, alifariki. Nilipigiwa simu asubuhi, kufika alasiri keshazikwa. Waislamu hatukawizi maiti. Hata ningekuwa na nauli ningelikuta kaburi tu. Nikamwambia mama kwamba arobaini nitaisoma huku huku, na watu watakula wali wa nazi. Akanyamaza, kisha akauliza, "Utapika wewe?"

Swali halali. Nyumbani nilikuwa naingia jikoni kwa jambo moja tu: bibi alikuwa ananiwekea ukoko.

Watu ishirini, kilo tatu za mchele. Alhamisi nikafanya majaribio na nusu yake. Nikachukua kipimo ninachokijua, kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji, nikazidisha mara nane, kihandisi kabisa. Ikatoka bokoboko, na chini umeungua. Mwenzangu wa Mombasa akafunua kifuniko. "Ndugu yangu, huu si wali, ni uji wa mgonjwa."

Nikampelekea mama ujumbe wa sauti. Alianza kwa kucheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia anacheka tangu msiba. "Baba, nani kakwambia wali wa watu unapikwa kwa vikombe? Tia kidole. Maji yapite juu ya mchele pingili moja. Halafu upalie moto juu."

Jamani, nilikaa kitandani nikafikiri. Mchele hunywa maji kwa kadiri ya wingi wake, lakini yanayopotea kwa mvuke hayafuati wingi wa mchele. Yanafuata upana wa sufuria na muda wa kuchemka. Ukizidisha mchele mara nane, mvuke hauzidi mara nane. Mimi nilizidisha vyote. Kidole kinapima yale ya ziada tu, basi. Nina vyeti viwili ukutani, na bibi ambaye hakuwa na hata kimoja alikuwa anatia kidole kabla mama hajazaliwa.

Kupalia ndiyo ilikuwa kazi. Jiko letu linatoa moto chini tu, na ukiweka mkaa juu ya kifuniko kwenye nyumba ya kupanga, utalala nje. Ikabaki oveni, moto pande zote. Ila sufuria zetu zote zilikuwa na mikono ya plastiki. Nikaenda kwa jirani, mama mmoja Msomali aliyekaa Eastleigh miaka mingi kabla ya kuja huku. "Shikamoo mama, naomba sufuria." Akanipa mbili, zile za kwetu kabisa, za alumini, hazina mikono. "Chukua mwanangu, pole na msiba. Zirudi zinang'aa."

Jumamosi: basmati iliyolowekwa, tui la kopo (kukuna nazi hapa, kwa pesa ya nani?), chumvi, kidole. Moto mkubwa mpaka maji yakakaukia usawa wa mchele, kisha karatasi ya foili, kifuniko, oveni nyuzi 150, nusu saa, sufuria moja baada ya nyingine. King'ora cha moshi kililia, na si kwa sababu ya wali, ni ubani. Mganda akapanda kwenye kiti anakipepea na gazeti, sisi tunaendelea na Yasini.

Watu walikula. Haukuwa mchele wa Kyela, harufu ile haipo, lakini ulichambuka. Hakuna aliyesema lolote kuhusu wali, na kwetu wali wa msiba ukisemwa sana ujue una kasoro.

Saa nne usiku mama akapiga; kwao ishapita saa sita. Hakuuliza walikuja wangapi.

"Ukoko kala nani?"

Nikamwambia nimekula mwenyewe, nimesimama jikoni, sufuria ya watu mkononi.

"Haya," akasema. Na hakukata simu.